Mwalimu, Tazama Kwanza Mshahara wa Msingi

Mwalimu wa Kiingereza kutoka Nairobi au Dar es Salaam akitafuta kazi ng'ambo hugundua mapema kwamba si kila nchi itampokea. Viza ya E-2 ya Korea Kusini, inayotumiwa na walimu wa lugha, kimsingi hutolewa kwa raia wa nchi saba tu, na kwa Afrika ni Afrika Kusini peke yake. Shule za binafsi za Falme za Kiarabu zina nafasi pana zaidi kwa mwenye shahada ya ualimu iliyohakikiwa, na huko ndiko wenzetu wanakojikwaa kwenye mikataba.

Barua ya ofa ikifika, jicho hukimbilia jumla: dirham 8,000 kwa mwezi. Chini yake kuna mchanganuo wa mshahara wa msingi, posho ya nyumba, posho ya usafiri na "posho nyinginezo". Mshahara wa msingi ndio wenye uzito, kwa kuwa kiinua mgongo hukokotolewa kwa huo peke yake. Sheria ya kazi iliyoanza kutumika Februari 2022 inampa mgeni aliyetimiza mwaka kazini malipo ya siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata.

Chukua walimu wawili wanaopokea dirham 8,000 zilezile. Mmoja msingi wake ni 3,000, mwingine 6,000. Wakiondoka baada ya miaka mitatu, wa kwanza atalipwa 6,300 na mwenzake 12,600. Oman nako, ambako Kiswahili bado kinasemwa katika baadhi ya nyumba, sheria ya kazi ya 2023 inatoa mshahara wa msingi wa mwezi mzima kwa kila mwaka wa utumishi.

Kwa hiyo mazungumzo yaanzie hapo. Ukiomba jumla iongezwe, utaambiwa bajeti imeshapangwa. Kuomba sehemu ya posho ihamishiwe kwenye msingi ni ombi jepesi, kwa sababu malipo ya shule kwa mwezi hayabadiliki. Andika kwa adabu, bila kuzunguka: "Nimeipokea ofa kwa shukrani. Naomba mshahara wa msingi uwe dirham 5,000, jumla ibaki kama ilivyo." Wakikubali kwa simu, omba barua mpya kabla ya kutia saini, na utunze nakala yake. Mkataba utakaosajiliwa wizarani haupaswi kukupunguzia yale yaliyomo kwenye ofa uliyoisaini.

Kisha uliza kuhusu vipindi. "Saa 40 kwa wiki" hazikuambii utasimama darasani mara ngapi, wala kama kumshikia mwenzako aliyeugua kunahesabiwa. Uliza kama Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa, unalipwa. Tiketi ya kurudi nyumbani, bima ya afya, chumba chako peke yako au cha kushirikiana: yote yaandikwe.

Katika Falme za Kiarabu muda wa majaribio hauruhusiwi kuzidi miezi sita, lakini ndani yake mwajiri anaweza kukuachisha kwa notisi ya siku 14 tu. Ukiwa na ajira nyumbani, jaribu kuomba likizo bila malipo kabla ya kufikiria kujiuzulu.

Kuhusu wakala anayedai "pesa ya viza", sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inakataza gharama za kumwajiri mfanyakazi kubebeshwa mfanyakazi mwenyewe, na inakataza mwajiri kushikilia hati rasmi za mfanyakazi, pasipoti ikiwemo. Anayekwambia uingie kwa viza ya matembezi uanze kufundisha anakutia hatarini, maana kufanya kazi bila kibali ni kosa. Mkatalie.

Ukishatua Dubai, kibali chako cha ukaazi kimefungamana na mwajiri na nauli ya kurudi huna, nguvu yako ya kudai inakuwa ndogo mno. Uliza maswali yako yote ungali nyumbani, kabla hujatia saini.