Sufuri ya Kompyuta Si Sufuri ya Reli

Walimu wenzangu wataniwia radhi nikianza kwa kukiri kosa langu. Tulipokuwa tukijitayarisha kwa maonyesho ya sayansi, wanafunzi wangu waliunda kigari kidogo kilichovutwa na mota kwa ukanda juu ya reli ya milimita 300. Kando ya reli walifunga kihisi ambacho volti zake hupanda kadiri kigari kisogeavyo. Kompyuta ndogo ilizigeuza volti hizo, kuanzia 0 hadi 5, kuwa namba kuanzia 0 hadi 1023.

Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sufuri ya kompyuta na sufuri ya reli ni moja?" Kwa kuwa muda ulikuwa umetubana, nilimwambia azidishe namba kwa 300, agawanye kwa 1023, kisha aendelee na kazi. Tulipokiamuru kigari kiende milimita 290, kiligonga kizuizi cha mwisho na mota ikazidi kuvuta hata ukanda ukakatika.

Chanzo kilidhihirika tulipopima. Kigari kikiwa mwanzo wa reli, namba ilikuwa 93. Kikiwa mwisho, 933. Kwa kanuni yangu, 933 ni milimita 274 tu. Kompyuta ilidhani safari ingalipo, ilhali njia ilikuwa imekwisha.

Kanuni iliyofaa ni hii: ondoa 93 katika namba iliyosomwa, zidisha kwa 300, kisha gawanya kwa 840, ambayo ni tofauti ya 933 na 93. Namba 513 hutoa milimita 150, nayo ni katikati ya reli. Huu si uchawi. Ni ule mlinganyo wa mstari mnyoofu ambao wanafunzi hulalamika kwamba hauna faida.

Kasi nayo ina mtego wake. Kompyuta yetu ilisoma kihisi kila baada ya milisekunde 10, na hatua moja ya namba ilikuwa takriban milimita 0.36. Basi namba ikitikisika kwa hatua moja tu, kigari kilichotulia tuli huonekana kikikimbia milimita 36 kwa sekunde! Ukilinganisha namba zilizoachana kwa milisekunde 100, uongo huo hushuka hadi milimita 3.6 kwa sekunde, ila habari ya kasi hukufikia ikiwa imechelewa. Mhandisi hana budi kuchagua.

Mafundi wa viwandani wamelizingatia sana suala hili la sufuri. Vihisi vyao vingi hutuma mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Mwanzo wa kipimo ni 4, si 0. Kwa hiyo waya ukikatika na mkondo ukawa 0, mtambo hung'amua kwamba kuna hitilafu, wala haudhani kwamba kigari kimerudi mwanzo.

Rai yangu kwa walimu ni kwamba tusiwape wanafunzi kanuni kabla hawajapima ncha mbili kwa mikono yao. Nanyi wanafunzi, msichoke kuuliza sufuri iko wapi. Ukanda tuliununua mwingine. Yule msichana nilimwomba msamaha mbele ya darasa, kwani swali lake lilikuwa sahihi kuliko jibu langu.