Hondohondo na Kuvu ya Miti: Wafanyakazi Wawili wa Msitu Mmoja



Katika misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, hondohondo husikika kabla hajaonekana. Mabawa yake huvuma na sauti yake hufika mbali. Kuvu ya miti haina sauti. Huonekana kama sahani ngumu iliyojibandika kwenye shina, na wengi huiona kuwa ugonjwa tu.

Tulinganishe kazi zao. Hondohondo hula matunda na kudondosha mbegu mbali na mti mama; kwa hiyo yeye ni mpandaji. Kuvu huingia kwenye mti kupitia jeraha, kwa mfano mahali tawi lilipovunjika, ikaozesha kiini polepole na mwishowe kurudisha rutuba ardhini. Mmoja huanzisha maisha ya mti, mwingine huyahitimisha.

Lakini wapo mahali wanapokutana. Hondohondo hawezi kujichimbia tundu kwenye shina zima kama kigong'ota. Anahitaji pango lililokwisha kuwapo, na mapango mengi ya namna hiyo hutokana na kuvu kuozesha kiini huku sehemu ya nje ya mti ikiendelea kuishi. Jike huingia humo na kuziba mlango kwa udongo anaoletewa na dume, akiacha ufa mwembamba. Hukaa ndani zaidi ya miezi mitatu akiatamia na kulea, na dume humlisha kupitia ufa huo.

Hapa ndipo linapokuja suala la kamati zetu. Mti mzee wenye pango hauna mbao nzuri, hivyo ni rahisi kuuchagua kwa kuni au mkaa. Tukiukata, tunamnyima hondohondo nyumba na kuvu chakula kwa siku moja. Miche tunayopanda leo ni kazi njema, lakini haitakuwa na pango la kumtosha ndege huyu kwa miongo mingi ijayo.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, inalinda sehemu ya misitu hiyo. Miti mingine mikubwa imesimama nje ya mipaka, kwenye mashamba ya wananchi. Tunaziomba kamati za parokia ziitambue na kuiwekea alama kabla ya msimu wa kutayarisha mashamba. Nanyi wafadhili, mnapouliza tumepanda miche mingapi, tuulizeni pia miti mikongwe mingapi bado imesimama.