Tundu na Kufifia Ni Maradhi Mawili

Msikilizaji, fundi akikuchorea kwa kompyuta nembo ya duka lako, duara mbili nyekundu zilizopandana, kisha pale zinapokutana rangi ikatoweka na cha nyuma kikaonekana, mwangalie atafanya nini. Wengi hukata kipande chekundu wakakibandika juu ya pengo. Kwenye kioo cha kompyuta, jeraha limepona. Lakini mashine ya kukata stika haioni rangi, hufuata mistari. Itakizunguka kiraka kile kama kitu cha peke yake, na nembo itatoka vipande vipande. Nimeuona mlango wa kioo wa duka moja hapa mjini ambao kipande cha katikati kilibanduka kabla ya mwezi kwisha, na mwenye duka akalipa mara ya pili.

Kwanza tujue: umbo limetoboka au limefifia? Chora mstatili wa kijani kikali, uuweke nyuma ya mchoro wote. Kijani kikijitokeza pale penye kupandana tu, tena kikali vilevile, hilo ni tundu. Kikionekana kwa mbali katika umbo zima, kama taa nyuma ya pazia, rangi imepunguzwa uzito.

Tundu huja hivi. Mchoraji ameunganisha duara zake kwa amri iitwayo Combine, akidhani zimekuwa kitu kimoja. Kumbe kila duara imebaki na mstari wake, na kompyuta hupaka rangi kwa kuhesabu mistari hiyo. Weka kidole mahali popote, ukitoe moja kwa moja hadi nje ya mchoro. Ukivuka mstari mmoja, ulikuwa ndani, panapakwa. Ukivuka miwili, kompyuta inasema ulikuwa nje, panaachwa wazi. Si kanuni ya kijinga hiyo, maana bila tundu herufi O ingekuwa tonge.

Dawa yake ni kuziachanisha kwa Break Apart, kisha kuziunga upya kwa Union ukiwa na Inkscape, au Weld ukiwa na CorelDRAW. Mistari ya ndani hufutika, unabaki mzingo mmoja. Ila chunga vidole: Ctrl+K katika CorelDRAW hutenganisha, na Ctrl+K hiyohiyo katika Inkscape ndiyo inayounganisha! Anayehama huku kwenda kule atajitoboa mwenyewe.

Kufifia ni kwepesi zaidi, ingawa kuna mtego. Katika Inkscape, chini kushoto, ipo herufi O yenye namba, iwe 100. Bado panapenya? Uzito huwekwa pia kwenye rangi yenyewe, penye herufi A, na kwenye kundi, na kwenye tabaka. Tena huzidishana: nusu ya nusu ni robo. Na kwa kawaida umbo jipya hurithi mtindo uliotumika mwisho, kwa hiyo moja lililofifia huzaa wenzake.

Mteja nawe, kabla kazi haijaenda kwenye mashine, omba uonyeshwe mchoro kwa mistari mitupu. CorelDRAW huita Wireframe, Inkscape huita Outline. Ukiona mstari umekatiza katikati ya nembo pasipo sababu, usitoe fedha bado.