Reli Juu ya Rafu: Namna ya Kuanza Kujenga Treni Ndogo Nyumbani

Mji wa Juba hauna reli. Mtoto aliyezaliwa Munuki aweza kutimiza miaka kumi na mitano akiwa anazitambua ndege kwa mlio na malori ya Nimule kwa vumbi lake, lakini treni akawa anaijua kwa picha tu. Reli ya pekee iliyomo katika ardhi ya Sudan Kusini ni ile iliyotoka Babanusa, ikapita Aweil na kuishia Wau mwaka 1962. Kwa upande wa kusini, reli ya Uganda ilifika Pakwach mwaka 1964 isivuke mpaka. Mpango uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012 ulitaja reli itakayofika Juba, nayo bado haijajengwa. Basi wakati tukiingojea hiyo kubwa, tuzungumze habari za ile ndogo, inayojengwa juu ya ubao na kukaa ukutani kama rafu ya vyombo.

Mchezo huu si wa jana. Kiwanda cha Märklin cha Ujerumani kilionyesha treni za bati zenye reli za kuunganishwa katika maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na Frank Hornby wa Liverpool akaanza kuuza zake mwaka 1920. Tangu hapo umekuwa kazi ya mapumziko kwa watu wazima wengi kuliko watoto. Tena usidhani kwamba ni jambo la ugenini kabisa. Vijana wetu hutengeneza magari ya waya na makopo, magurudumu yake vizibo vya chupa, na usukani wake fimbo ndefu inayofika kiunoni. Mwenye mkono wa kukunja waya namna hiyo amekwisha kupata nusu ya ujuzi. Iliyobaki ni subira na hesabu kidogo.

KIPIMO KWANZA

Kosa la wanaoanza ni kununua kabla ya kupima. Treni ndogo hutengenezwa kwa kipimo, yaani kila kitu hupunguzwa mara ile ile. Kipimo kilichoenea zaidi duniani ni cha moja kwa 87. Mtu wa sentimita 170 huwa na urefu wa karibu sentimita 2, na behewa la mita 12 huwa karibu sentimita 14. Ukitaka kujua ukubwa wa kazi waliyoifanya wajenzi wa zamani, chukua ile njia ya Babanusa hadi Wau, ambayo ina zaidi ya kilomita 400, uigawanye kwa 87: bado utahitaji kama kilomita 5 za reli ya mezani. Kwa hiyo hakuna mtu anayejenga reli nzima. Hujengwa kipande chake, nacho huchaguliwa kwa akili.

Jambo la pili ni upana wa njia. Reli za kuchezea zinazouzwa kwa wingi zina milimita 16.5 baina ya chuma na chuma, kwa sababu zinaiga njia pana ya milimita 1,435, kama ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017. Lakini reli ya Wau, sawa na ile ya TAZARA, ina milimita 1,067 tu. Je, tufanyeje? Wapenzi wa mchezo huu katika New Zealand na Queensland, ambako njia nyingi ni za upana huo huo, wamekwisha kutusaidia jibu. Wao hununua reli ile ile ya kawaida, kisha hutengeneza mabehewa kwa kipimo cha moja kwa 64. Gawanya 1,067 kwa 64 utapata milimita 16.7, tofauti ambayo jicho haliioni. Faida yake ni mbili: reli hupatikana kwa urahisi, na mabehewa huwa makubwa kidogo, hivyo yaweza kujengwa kwa kadibodi na mkono wa mtu asiye fundi wa saa.

Wengi watatamani kuanza na jitu kama zile injini za Garratt za Reli za Afrika Mashariki, zilizopewa majina ya milima. Ziliundwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Iliyopewa jina la Mount Gelai, namba 5918, yaonekana katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, na anayepita huko asikose kuitazama. Lakini urefu wake ni kama mita 32, na hata kwa kipimo chetu ingekuwa nusu mita. Ingejaza rafu nzima na isipate pa kwenda. Anza na injini fupi ya magurudumu manne au sita, ya aina ile inayofanya kazi ya kupanga mabehewa stesheni.

RAFU BADALA YA DUARA

Masanduku ya treni yanayouzwa madukani huja na reli ya duara. Treni huzunguka, watoto hushangilia, na baada ya siku nne hakuna anayeitazama. Tena duara hilo hudai ubao wa karibu mita moja na robo kwa kila upande, na katika chumba chenye kitanda, kabati, madumu ya maji na watu sita, ubao huo hauna mahali. Mwandishi wa makala hii hapendi duara, na hasemi hivyo kwa sababu ya nafasi peke yake.

Bora ni uwanja mdogo wa kupangia mabehewa. Mwingereza aitwaye Alan Wright alibuni fumbo moja linalotosha ubao wa urefu wa sentimita 122 na upana wa sentimita 30, yaani ukanda mmoja unaokatwa katika plaiwudi ya kawaida. Njia huchepuka mara mbili na kuzaa njia tatu zilizofungwa mwisho: moja ya mabehewa matano, na mbili za mabehewa matatu kila moja. Upande wa pili ubaki mkia wa njia unaotosha injini na mabehewa matatu. Mabehewa yote ni manane, nayo yawe mafupi, kama sentimita 8 pamoja na ndoana zake.

Andika namba za mabehewa kwenye vipande vya karatasi, uvitie katika kikombe, kisha mtoto atoe vitano bila kuangalia. Kazi ya dereva ni kuyapanga mabehewa hayo matano kwa utaratibu ule ule yalivyotoka, kwa kwenda mbele na kurudi nyuma tu, bila kugusa behewa kwa mkono. Huonekana rahisi. Lakini mipango inayowezekana ni 6,720, na aliyeshinda jana hana hakika ya kushinda leo. Askari aliyepata kupanga mizigo katika malori ya msafara atatambua upesi kwamba hesabu ni ile ile: cha kushushwa kwanza kisiwe chini ya vyote.

Rafu ina fadhila nyingine kwa familia zetu. Amri ya uhamisho ikifika, ubao wa sentimita 122 hufungwa kwa shuka, huwekwa juu ya magodoro ndani ya lori, na hufika salama. Duara kubwa aghalabu huachwa kwa jirani.

UMEME, NA HATARI YAKE

Katika Munuki nyumba nyingi hutegemea paneli za sola na betri. Kwa bahati njema, treni za kawaida za kipimo hiki hutumia umeme wa moja kwa moja usiozidi volti 12, nao ndio utokao katika betri hizo. Kinachohitajika ni kidhibiti mwendo cha mota ndogo ya volti 12, na swichi ya kugeuza waya ili injini irudi nyuma. Fundi wa redio wa sokoni atakuunganishia vyote viwili kwa muda mfupi.

Lakini hapa nakusihi usome polepole. Gurudumu la chuma likianguka nje ya reli na kugusa chuma zote mbili, umeme hupita moja kwa moja bila kizuizi. Kifaa kidogo cha dukani hujizima. Betri ya sola au ya gari haijizimi. Humwaga umeme wote iliyo nao, waya huwa mwekundu, na nyumba yenye pazia na godoro yaweza kushika moto kabla hujasimama. Kwa hiyo weka fyuzi ya ampea 1 katika waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kabla ya kidhibiti mwendo. Fyuzi ikiungua, tafuta sababu; usiifunge kwa karatasi ya sigara kama wafanyavyo wengine. Betri nayo ikae mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa, kwani inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto. Anayeletewa kifaa cha kuchomeka ukutani kutoka Marekani akumbuke kwamba kimetengenezwa kwa volti 120; akikitia katika umeme wetu kitaungua mara moja, isipokuwa kimeandikwa kwamba hupokea hadi volti 240.

Mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu aiweke rafu juu kuliko mkono wake ufikapo. Ndoana na magurudumu humezwa upesi.

MCHANGA, NYASI NA VUMBI

Kokoto za kutandaza chini ya mataruma hatununui. Mchanga wa mto wetu ni mzuri, ila uoshwe mara tatu, ukaushwe juani, uchujwe kwa chujio la chai, kisha upitishwe sumaku iliyofungwa katika kitambaa. Sumaku itatoa chembe nyeusi za chuma, na chembe hizo ndizo huua mota, kwa kuwa mota ina sumaku ndani na huzivuta. Tandaza, nyunyizia maji yenye tone la sabuni, halafu dondosha gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Acha usiku kucha.

Tukuli hujengwa kwa vijiti vya ufagio na kuezekwa kwa nyasi zake. Kuta za stesheni ni boksi la viatu. Mwembe ni waya uliosokotwa na sifongo kuukuu lililotiwa rangi ya kijani. Katika kazi hizi wasichana wasifanywe watazamaji. Mkono uliozoea kusuka nywele husuka matawi kuliko wa baba yao.

Lipo jambo moja la kuangaliwa kabla ya kuandika jina juu ya stesheni. Katika vita vilivyoanza mwaka 1983, treni za kijeshi za kwenda Wau zilisindikizwa na wanamgambo wapanda farasi, waliochoma vijiji kandokando ya njia na kuteka wanawake na watoto. Njia hiyo ilifunguliwa tena mwaka 2010 baada ya kukarabatiwa, na katika miaka ya 2011 na 2012 treni zikaleta maelfu ya wananchi waliokuwa wakirejea kutoka Khartoum. Katika mtaa mmoja wa Munuki aweza kuwapo bibi aliyekimbia mlio wa treni na kijana aliyerudi nchini kwake ndani ya behewa. Ukitaka kujenga Aweil au Wau, waulize wazee wa nyumbani kwanza, na wakikataa usilazimishe. Waweza kuiita Stesheni ya Munuki, ambayo haikupata kuwako, na hakuna atakayeumia.

Kuanzia Desemba vumbi litakuwa adui wa kila siku. Lipanguse kwenye reli kwa kitambaa kilicholowa spiriti kidogo, injini ikiwa imeondolewa na betri imekatwa. Msasa usitumike, maana huacha mikwaruzo ambamo uchafu hujificha. Acha nafasi ya unene wa kadi kwenye kila maungio, kwa kuwa joto la mchana hurefusha chuma na reli isiyo na nafasi hupinda. Mchezo ukiisha, toa fyuzi, hesabu mabehewa manane, na funika rafu kwa kipande cha kitenge kilichofika pande zote.