Wagonjwa wa Tezi Wapimwe Tena

Mtu akiambiwa na daktari kwamba tezi yake ya shingo imelegea kazi, akaandikiwa kidonge cha kumeza kila siku, kisha baada ya miezi sita akawa bado anachoka, anasikia baridi, nywele zinamdondoka na choo kinakuwa kigumu, ana haki ya kuuliza kama dawa ile inafanya kazi mwilini mwake. Swali hilo si utovu wa adabu. Ni swali la kitabibu, na jibu lake hupatikana maabara, kwa damu kidogo tu. Inasikitisha kwamba mara nyingi jibu analopewa mgonjwa ni kuwa dawa amekwisha kupata, basi aendelee nayo.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza ndizi na viazi katika Soweto, jijini Mbeya. Asubuhi za huko ni za baridi, na kila mtu sokoni amejifunika; nani atashangaa mama huyu akisema anasikia baridi? Huamka kabla ya alfajiri. Nani atashangaa akisema amechoka? Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa huu. Dalili zake hufanana na maisha yenyewe, na kwa sababu hiyo mgonjwa huambiwa kwamba ni umri, au ni mawazo.

Tumeitaja Mbeya kwa makusudi. Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu ya maradhi ya tezi. Mwaka 1965 Daktari Michael Latham alichapisha uchunguzi wake juu ya rovu katika Ukinga, nchi ya milima ambayo wakati huo ilihesabiwa upande wa Iringa na leo imo katika Mkoa wa Njombe. Mvua za karne nyingi zimeosha madini joto kutoka katika udongo wa milima hiyo, na bila madini joto tezi haiwezi kutengeneza homoni zake. Huvimba kwa kujitahidi. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa mwaka 1973, iliishughulikia aibu hiyo: vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi kuanzia miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ikafuata sheria ya kutia madini joto katika chumvi. Rovu kwa watoto wa shule, ambalo katika miaka ya 1980 lilikadiriwa kuwapata 25 katika kila 100, lilishuka hadi 7 hivi mwaka 2004. Hiyo ni kazi ya kusifiwa.

Lakini chumvi huzuia ugonjwa; haimtibu kila aliyekwisha kuugua. Wapo waliopasuliwa rovu wakabaki na tezi kidogo au bila tezi kabisa. Wapo ambao kinga za mwili wao wenyewe zimeigeukia tezi na kuiharibu, ugonjwa alioueleza daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912. Watu hawa humeza levothairoksini, homoni iliyotengenezwa kiwandani, na wengi wao wataimeza maisha yao yote. Kwao swali la kupimwa tena halikwepeki.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo, pituitari, ambayo huichochea ile ya shingoni. Homoni za shingoni zikipungua, pituitari hupaza sauti, zikizidi, hunyamaza. Kipimo kiitwacho TSH hupima sauti hiyo. Ikiwa juu kwa mtu anayetumia dawa, maana yake dawa haitoshi au haifiki ndani ya damu. Ikiwa chini mno, dawa imezidi, na moyo na mifupa vimo hatarini. Ni wachache tu, ambao pituitari yenyewe ndiyo mbovu, wasioweza kuongozwa na TSH peke yake. Aidha, homoni hii hukaa mwilini kwa muda: nusu yake huchukua juma zima kuondoka. Kupima siku kumi baada ya kubadili dozi ni kupoteza damu na fedha. Majuma sita hadi manane ndiyo kipindi kinachofaa. Kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa anayejiongezea kidonge leo kwa kuwa jana alichoka hajitendei haki.

Tuseme sasa TSH imeonekana kuwa juu. Kabla ya kuongeza dozi, mganga amuulize mgonjwa jambo ambalo halihitaji mtambo wowote: unaimeza dawa saa ngapi, na pamoja na nini? Levothairoksini hutaka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Anayeiteremsha kwa kahawa, hata kama ni kahawa nzuri ya Mbozi, huipunguzia nguvu. Maziwa huizuia, na chai ya maziwa ndiyo kifungua kinywa cha nyumba nyingi. Soya nayo huizuia, na soya imo katika uji wa lishe tunaohimizwa kuunywa. Dawa za kiungulia huizuia vilevile. Mtu anaweza kumeza dozi sahihi kwa uaminifu mwaka mzima huku sehemu kubwa yake ikipita tumboni bure.

Anayestahili kuangaliwa kuliko wote ni mama mjamzito. Mahitaji yake ya homoni hii hupanda mapema, pengine kwa robo au zaidi, na mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama yake kwa ukuaji wa ubongo, hasa katika miezi ya kwanza. Wakati huo huo kliniki humpa vidonge vya kuongeza damu. Ni vidonge vyema na vya lazima, lakini madini ya chuma yaliyomo huishika dawa ya tezi na kuizuia isiingie mwilini. Akivimeza vyote kwa pamoja asubuhi, amepunguza dawa saa ile ile anapoihitaji zaidi. Vitenganishwe kwa saa nne. Maneno hayo machache ya muuguzi yanaweza kuokoa akili ya mtoto, na hayagharimu hata senti.

Na TSH ikionekana sawa, mgonjwa bado akiwa hoi? Asifukuzwe. Apimwe upungufu wa damu, kisukari na maradhi mengine ya kuchosha, na huzuni nayo isidharauliwe. Wako wachache ambao vipimo vyote huwa vizuri nao hawapati nafuu kamili. Wataalamu duniani bado wanabishana juu yao.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kwamba habari hii ni ya watu wa milimani. Imani ya kale kwamba anayekaa pwani amekingwa na bahari haina msingi: chumvi inayoanikwa juani haibaki na madini joto ya kutosha hadi yaongezwe. Wachunguzi waliofika Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne hii walikuta rovu kwa watoto wa shule katika visiwa vyote viwili, na Pemba, iliyotumia chumvi yake bila kutiwa madini, ilikuwa na hali mbaya zaidi. Mgonjwa wa Visiwani ana mambo mawili ya kuongeza katika hesabu yake. Kidonge hiki huharibiwa na joto, unyevu na mwanga. Kiwekwe katika kifungashio chake, mbali na jiko na dirisha. Na katika Ramadhani dozi isirukwe: azungumze na daktari wake juu ya kuimeza usiku, saa tatu baada ya chakula, au nusu saa kabla ya daku.

Kwa wakuu wa wizara zote mbili za afya tunasema hivi. Kumpa mgonjwa dawa ya maisha bila njia ya kuipima ni kumwendesha gizani. Kama mtambo wa TSH hauwezi kuwekwa katika kila wilaya, sampuli ikitunzwa kwenye ubaridi huvumilia safari ya siku kadhaa. Basi damu ndiyo isafiri kwenda mjini, wala si mgonjwa. Kwa upande wa Bara, wanaotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 wahakikishe kwamba kipimo hiki kinalipiwa pamoja na dawa yake, wala si dawa peke yake. Na katika kadi ya kliniki ya kila mama mjamzito anayetumia dawa ya tezi, iandikwe kwa kalamu saa ya kumeza kila kidonge.