Kupanda Juu kwa Nguvu ya Upepo Tu

Msomaji, ukisimama kando ya mto wenye kasi utaona jinsi maji yanavyofanya yanapokuta jiwe lililozama. Hupanda juu ya jiwe, hushuka, kisha hupanda tena mbele yake. Na wimbi lile hukaa pale pale ingawa maji yenyewe yanapita. Upepo nao hufanya vivyo hivyo ukivuka safu ya milima. Basi mtu aliye katika ndege isiyo na injini akilipata wimbi hilo, huinuliwa na upepo tu.

Lakini kulipata ndiyo kazi. Ndege huvutwa kwa kamba na ndege yenye injini, kisha kamba hufunguliwa. Rubani hutafuta mawingu yenye umbo la dengu, yasiyotoka mahali pake hata upepo ukivuma kwa nguvu: hiyo ndiyo alama ya wimbi. Taabu ni kwamba chini ya wimbi hewa huviringika kama gogo mteremkoni, na mara nyingi hapo ndipo njia ilipo.

Larry Edgar aliijua hewa hiyo. Mwaka wa 1952, katika uchunguzi wa mawimbi ya milima ya Sierra Nevada huko California, yeye na Harold Klieforth walifika futi 44,255. Mwezi wa Aprili, 1955, hewa hiyo yenye kuviringika iliivunja ndege yake angani. Edgar alifungua mwavuli wake akafika chini akiwa hai.

Anayevuka salama hukuta utulivu wa ajabu. Ndege huelekea upepo unakotoka, nayo huweza kusimama juu ya mahali pamoja kama kipanga anayewinda, huku ikipanda.

Mnamo Februari 1961, Paul Bikle aliachwa na ndege iliyomvuta, akashuka hata futi 3,964. Wengi wangalitafuta pa kutua. Yeye alilipata wimbi, likampandisha mpaka futi 46,267, peke yake, akipumua kwa kinyago cha oksijeni katika ndege isiyozibwa.

Mwaka wa 2018 Jim Payne na Tim Gardner walifika futi 76,124 juu ya milima ya Andes, Argentina. Hao walikaa katika chumba kilichozibwa, na walikuwa wamevutwa juu sana kabla ya kuachwa. Mimi bado namstaajabia zaidi Bikle.