SoHo: msanii mwenye hati na msanii mpangaji

Ukifika SoHo leo, New York, utakuta viatu na mikoba ya bei mbaya, na watu wanaopiga selfi mbele ya majengo ya chuma ya karne ya 19. Mchoraji mwenye rangi mikononi utamtafuta sana.

Miaka ya 1950 mtaa huu ulikuwa wa viwanda vidogo, navyo vilikuwa vinahama. Juu ya hapo Robert Moses, mzee wa miradi mikubwa ya jiji, alitaka kupitisha barabara kuu katikati yake. Sasa mwenye jengo gani atakarabati kitu kinachosubiri kubomolewa? Kodi zikawa za kutupa. Wasanii wakaingia, ingawa sheria ilikataza kuishi kwenye jengo la kiwanda. Zimamoto waliliita eneo hilo Ekari Mia za Jehanamu, kwa jinsi lilivyokuwa likiungua. Kuanzia 1961 msanii aliruhusiwa kuishi humo mradi abandike nje kibao chenye herufi A.I.R. na namba ya ghorofa yake, ili moto ukiwaka ijulikane kuna mtu ndani. Kibali cha makazi cha namna gani hicho, jamani!

Barabara ilifutwa 1969. Mwaka 1971 jiji likahalalisha makazi, lakini kwa wasanii wenye cheti cha jiji tu. Hapo mtaa ukapata jina, na wenye pesa wakaja bila cheti. Wachache sana walisumbuliwa. Miaka ya 1990 hata nyumba za maonyesho zikaanza kuhamia Chelsea.

Tumezoea kusimuliwa kwamba matajiri waliwafukuza wasanii. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Mwaka 1967 George Maciunas alianza kuwakusanya wasanii wanunue majengo kwa ushirika. Mwaka 1968 mchongaji Donald Judd alinunua jengo zima la ghorofa tano, 101 Spring Street, kwa dola 68,000. Bei zilipopanda, walionunua walipanda nazo. Aliyepanga, hata angekuwa na kipaji kuliko Judd, kila ukarabati alioufanya kwa mkono wake ulimpa mwenye jengo sababu ya kuongeza kodi. Sheria ya 1982 iliwakinga baadhi ya wapangaji, si wote. Sisi wa mageto ya nje ya chuo mchezo huu tunaujua: mnapaka rangi, mnavuta umeme, mtaa unachangamka, halafu mwenye nyumba anakuja na bei mpya.

Judd alifariki 1994. Jengo lake lilifunguliwa kwa umma 2013, na unaweza kuona alivyopanga vitanda na meza zake. Desemba 2021 baraza la jiji likapitisha mpango mpya: asiye msanii naye anaweza kuhalalisha makazi yake SoHo, akilipia mfuko wa sanaa.